Mwaka Niliomtafsiria Mama Moeata

Sabine Perrin alikuja dukani kwangu Troyeville, hapa Johannesburg, kuniuliza anwani ya mtu aliyekwisha kufa. Yeye hakujua. Alisimama kati ya cherehani na kioo kirefu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, akayatazama magauni ya harusi niliyoyatundika, kisha akaniuliza kwa Kifaransa kama mimi ndiye Rejina aliyewahi kufanya kazi nyumbani kwao Kensington. Nilimtambua kabla hajamaliza swali, kwa sababu amechukua kidevu cha baba yake. Nikamwambia ndiye mimi. Akanikumbatia. Nilikuwa na chaki mikononi, na sikuinua mikono.

"Papa ametutoka," alisema. "Wiki iliyopita. Alijilaza mchana baada ya kula, hakuamka tena. Tunamtafuta Moeata tumpe habari. Najua angependa kujua."

"Moeata alikufa miaka mingi iliyopita," nikamwambia. "Alifia Paris, hospitalini. Saratani."

"Paris? Lakini mimi nilikuwa naishi Paris."

"Naye alikuwa Paris. Walimpeleka huko kwa sababu kwao hakukuwa na mashine za kumtibu."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza."

Akaketi kwenye kiti cha wateja akalia, na sidhani alikuwa anajifanya. Alisema Moeata alikuwa mama yake wa pili. Alisema baba yake aliwapenda sana wale watu wa visiwani kwao Moeata, kwamba mpaka siku ya mwisho alikuwa na picha za kisiwa chao ukutani mwa chumba chake, na kwamba ameacha wosia majivu yake yakamwagwe baharini kule kule. Nilimpa maji, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Tangu siku ile nakata vitambaa ovyo, nimeharibu gauni la bibi harusi wa watu, na binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, ameninyang'anya mkasi. "Eish, Ma, andika hayo mambo, uyatoe kifuani," aliniambia. Basi naandika, lakini sitaki yatoke. Yule mzee ameombewa misa nzuri, amesifiwa, na hata akiwa majivu bado kuna kitu chake kinachokwenda kumwagwa kwenye maji ya wale watu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeombwa ruhusa. Hasira niliyo nayo ni ya zamani. Nilidhani imeshapoa. Kumbe ilikuwa imekaa tu, inasubiri mtu aje kuniuliza anwani.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata baada ya watu wa nchi hii kupiga kura wote kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mgeni Johannesburg, na nilikaa Joubert Park kwenye flati ya ghorofa ya sita iliyogawanywa kwa mapazia. Pazia langu lilikuwa la maua ya njano. Mwenye flati, yaani aliyeandikwa kwenye mkataba na aliyetuamrisha wote, alikuwa Ya Mado, msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Tulimwita Ya kwa sababu alikuwa dada mkubwa wa kila mtu, hata wa wanaume waliomzidi umri. Flati ile ilinuka dawa ya nywele, sombe, yaani majani ya muhogo, na sabuni ya kufulia. Jikoni kulikuwa na jiko la sahani mbili, moja mbovu, na hapo ndipo tulipopikia bukari, ugali wetu wa kwetu, na hapo ndipo mambo yote ya dunia yalipojadiliwa. Kiingereza changu nilikiokota huko na kwenye saluni ya Ya Mado, kwa wateja: Kiingereza cha kuvunjika, lakini cha haraka.

Ilikuwa kwenye saluni hiyo ndipo mteja mmoja aliposema kuna Wafaransa Kensington wanatafuta msichana anayejua Kifaransa, amsaidie mfanyakazi wao wa ndani. Ya Mado alinipaka mafuta usoni kwa mikono yake mwenyewe akanipeleka. Nyumba ilikuwa ya mawe, juu kilimani, yenye sebule mbili na chumba cha kulia chakula ambacho kuta zake sitazisahau. Kulikuwa na kafi la mtumbwi lililochongwa, mikufu ya makombe, kitambaa kikuukuu cha magome ya mti kilichotiwa fremu ya dhahabu, na picha za ufuo mweupe na msichana aliyevaa maua. Kila kitu humo kilitoka kwa watu fulani wa mbali, nami sikuelewa ni watu gani mpaka nilipoingia jikoni nikamkuta Moeata.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mwenye mabega ya muogeleaji na nywele zilizofika kiunoni ambazo alizisokota zikawa fundo. Shingoni alikuwa na kovu lililokwenda kutoka sikio moja hadi la pili, jembamba, kama uzi. Aliniambia anatoka kwenye kisiwa kidogo katika bahari ya Pasifiki, upande ule wa dunia ambao Wafaransa wanautawala mpaka leo. Sitaandika jina la kisiwa chake. Watu wake ni wachache kiasi kwamba ukitaja kisiwa umemtaja mtu. Bwana Perrin alikutana na familia yake alipokuwa luteni kijana, jeshi lao lilipojenga kambi pale. Alipooa alimchukua Moeata awe yaya na mpishi, akamhamisha pamoja na makabati: kwanza mji mkuu wa visiwa, kisha Paris, kisha Johannesburg, ambako kampuni yake iliuza mitambo ya umeme.

"Moeata ni mtu wa familia," Bwana Perrin aliniambia siku ya kwanza, akiwa amemwekea mkono begani. Mtu huyo wa familia alilala kwenye chumba cha uani, kile ambacho makaburu walikuwa wakikijenga nyuma ya kila nyumba kwa ajili ya mtumishi, chenye dirisha moja la juu ambalo mtu hawezi kutazama nje. Alikula jikoni kwenye kigoda, baada yao. Sabine, aliyekuwa na miaka kumi, alikuwa akimkimbilia miguuni na kuimba nyimbo za kisiwani kwa lugha ya kisiwani, na wageni walikuwa wakifurahi sana. Nilipouliza kwa nini Moeata mwenyewe haimbi, Madamu Perrin alinijibu kwamba siku hizi sauti yake si nzuri, kwa sababu alifanyiwa operesheni ya tezi ya shingo.

Tulielewana haraka. Nilimwita Mama Moeata, naye alicheka kwa sababu hakuwa na mtoto, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, halihitaji mtoto. Alinifundisha samaki wa kwao: mbichi, aliyekatwa vipande vidogo na kulowekwa kwenye maji ya ndimu mpaka awe mweupe, kisha tui la nazi, kitunguu na tango. Mimi nilikataa kula samaki mbichi, na mara ya kwanza nilipokula nilimaliza bakuli. Kila asubuhi alimeza kidonge kabla ya kuwasha jiko. Na kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Johannesburg wakati wa kiangazi mvua hunyesha ghafla alasiri, radi na kila kitu. Mama Moeata aliliona wingu kabla ya mtu yeyote. Alikimbia kuanua nguo, na kama shati moja lilipata hata tone, alilifua upya. Nilidhani ni usafi uliopita kiasi. Nikamtania, naye akaendelea kusugua.

Majira ya baridi redio ikatangaza kwamba Wafaransa watalipua tena mabomu yao ya nyuklia chini ya kisiwa kimoja cha kule, baada ya kusitisha kwa muda. Nilikuwa namenya viazi. Mama Moeata alikuwa anakanda unga, akaendelea kukanda, akakanda hata baada ya unga kuwa tayari, mpaka nikamwondolea bakuli. Ndipo aliponieleza. Alisimulia akiwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono imejaa unga, kwa sauti ya chini kwa sababu mlango wa chumba cha kulia chakula haukuwa mbali. Sitarudia hapa yote, kwa sababu muda si mrefu aliyasema mbele ya watu, nami nilikuwa mdomo wake. Lakini siku ile nilielewa mambo ya mvua. Walikuwa wakinywa maji ya mvua, watu wa kisiwa chake, hawana mto. Walikuwa na matangi kando ya kila nyumba. Mvua iliyokuja baada ya bomu ilianguka kwenye matangi yale, nao wakanywa maji yale, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasinywe.

Wakati huo mezani mazungumzo yalikuwa mengine. Nilikuwa nikiingia na kutoka na sahani, na mtu anayebeba sahani husikia kila kitu. Bwana Perrin alikuwa akikasirishwa na magazeti. Alisema dunia nzima imepatwa na kichaa kwa sababu ya shimo lililochimbwa baharini. Habari zilipofika kwamba vijana wa mji mkuu wa visiwa wamefanya fujo na kuuchoma uwanja wa ndege, aliweka uma chini akasema, "Tumewapa hospitali, shule, barabara. Tuliwakuta wakila nazi." Madamu akasema, "Usiseme kwa sauti, Moeata yuko jikoni." Naye akajibu, "Moeata anajua. Moeata ni mwenye akili." Nilikuwa nimeshika bakuli la mboga karibu na bega lake. Mpaka leo mkono wangu unakumbuka uzito wa bakuli lile na joto lake, na jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kuliachia.

Kisha ikaja ile Jumapili. Mijakaranda ilikuwa imeanza kutoa maua, na bomu la kwanza lilikuwa limeshalipuliwa. Bwana Perrin aliwaalika watu kwa chakula cha mchana, wengi wao wakiwa wafanyabiashara pamoja na wake zao, na mgeni mkubwa alikuwa mwanasheria wa hapa hapa, Bwana Sithole, mtu mzima mpole, mwenye suti ya kijivu, ambaye siku hizo kila kampuni ilitaka kumkalisha mezani kwake. Bwana Perrin alijua maswali yatakuja. Asubuhi alikuja jikoni na shada la maua na kile kitambaa cha kwao wanachojifunga, chenye maua mekundu.

"Leo utavaa hivi," alimwambia Moeata. "Tutakula samaki wa kwenu. Nataka wawaone watu wa kule jinsi walivyo. Watu wa furaha."

Mama Moeata alivitazama vile vitu. "Leo, Bwana?"

"Leo."

Akavivaa. Nilimsaidia kufunga lile shada, maua ya duka yaliyonuka friji.

Walikula samaki, wakamsifu. Bwana Perrin alieleza kwa Kiingereza jinsi alivyopendana na visiwa vile ujanani, watu wake wakarimu, wasio na choyo. Kisha Bwana Sithole akauliza kuhusu bomu, kwa adabu, akiwa anakunja kitambaa chake cha mezani.

"Watu wanapiga kelele kana kwamba tunalipua mji," alisema Bwana Perrin. "Kule hakuna mtu. Ni maji na matumbawe."

"Hakuna mtu," alisema Bwana Sithole. "Lakini umetuambia huyu mama anatoka huko."

"Anatoka kisiwa kingine. Mbali."

Bwana Sithole akageuza kiti. Mama Moeata alikuwa amesimama kando ya kabati na sinia la samaki. "Mama," alimwambia, "wewe unasemaje?"

"Hajui Kiingereza," alisema Bwana Perrin. "Na hajishughulishi na siasa."

Mama Moeata hakuhitaji kujua Kiingereza ili aelewe kilichotokea. Aliliweka sinia juu ya kabati, taratibu, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na mkate. "Rejina," alisema kwa Kifaransa, "nitafsirie."

Nimeulizwa na binti yangu kama niliogopa. Niliogopa sana. Nilikuwa na karatasi ya mkimbizi ambayo mtu yeyote mwenye nguo nzuri angeweza kunichafulia, na Kiingereza cha saluni. Nikauweka mkate mezani, mbele ya Madamu, nikasimama kando ya Mama Moeata. Alizungumza sentensi moja, akaningoja, nikaisema, akaendelea.

Alisema alikuwa msichana wa kipaimara. Alisema wanajeshi walikuja nyumba kwa nyumba wakawaambia watu wavae vizuri, kuna sinema. Wakavaa nguo za kanisani. Waliwekwa wote kwenye banda la bati, wazee na watoto wachanga, wakafungiwa mlango, wakaonyeshwa filamu ya kuchekesha, na wanajeshi wenyewe wakaingia kwenye nyumba ya saruji yenye kuta nene. Banda kwa Kiingereza sikulijua. Nilisema jela.

"Hakusema hivyo," Bwana Perrin aliingilia. "Amesema banda. Msichana anasema jela. Anabadilisha."

Mama Moeata akaniuliza amesema nini. Nikamweleza.

"Acha jela," alisema. "Ni sahihi."

Akaendelea. Alisema walipofunguliwa jioni mbingu ilikuwa na rangi ambayo hajaiona tena, na kesho yake mvua ikanyesha. Walikuja watu wenye mashine ndogo zinazolia, wakazielekeza kwenye mboga, kwenye samaki, kwenye matangi. Mashine zililia. Mama yake akawauliza zinalilia nini, wakamwambia hakuna kitu. Alisema kaka yake, Tihoni, alikwenda kufanya kazi kwenye kisiwa chenyewe cha bomu, akiogelea kwenye ghuba ya huko huko jioni baada ya kazi, na alikufa kwa ugonjwa wa damu akiwa hajaoa. Akagusa kovu la shingo yake, akasema dada yake analo pia, na shangazi yake, na mwanamke wa nyumba ya pili.

"Na aliyesimama kwenye mlango wa banda," alisema, "akatuingiza, akatupa watoto peremende, alikuwa amevaa ovaroli nyeupe mpaka kichwani na glavu. Sisi tulikuwa na nguo za kanisani. Ni huyu hapa. Ndiye tunayempikia."

Nilitafsiri hilo pia. Lilinitoka kwa ufasaha kuliko yote.

Madamu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alisema, "Moeata, tafadhali, kahawa." Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mstari wake. Bwana Perrin akajaribu kucheka, akasema kwa Kiingereza kwamba yule mwanamke amekuwa mgonjwa, na kwamba mimi sijui Kiingereza, hakuna kilichotafsiriwa vizuri. Bwana Sithole aliinuka. "Nimemwelewa vizuri," alisema. Akaweka kadi yake juu ya sinia, kando ya samaki, akamwinamia Mama Moeata kidogo, akatoka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Bwana Perrin alikuja jikoni. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisimama kwenye fremu ya mlango akamwambia Mama Moeata, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, "Mimi ndiye niliyekutoa kule. Ningekuacha, leo ungekuwa nani?"

"Ningekuwa nyumbani," alisema Mama Moeata.

Kisha Bwana Perrin akanigeukia mimi. "Na wewe. Hicho ndicho Kifaransa tulichokufundisha, unakitumia hivi."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikumjibu. Sasa namjibu. Kifaransa nilifundishwa na masista wa Likasi kwa fimbo, na babu yangu kabla yangu alifundishwa kwa kiboko, na hakuna aliyetuuliza kama tunakitaka. Hawa watu wanaingia nyumbani kwako, wanavunja, wanachukua, halafu wanataka uwashukuru kwa lugha yao, na ukiitumia lugha hiyo kusema walichofanya wanaona umewaibia. Hilo ndilo linalonikera zaidi ya bomu lenyewe, sijui kwa nini. Bomu linaua. Lakini kutaka kupendwa na uliowaua, kutaka wakuvalie maua, huo ni ugonjwa ambao hata jina sina.

Mama Moeata alilivua shada akaliweka kwenye sinki. Aliingia chumba cha uani, akatoka na begi. Sabine alimlilia na kumshika nguo, naye akapiga magoti akamwambia kitu sikioni kwa lugha yao, kisha akamtoa vidole kimoja kimoja. Tulitoka kwa mlango wa mbele. Tulishuka kwa miguu, kupitia Bezuidenhout Valley na Troyeville hii ninayokaa leo, watoto wakicheza mpira barabarani na watu wakirudi makanisani. Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, ilipowaka nyekundu tukasimama. Mama Moeata akanishika kiwiko. Hakuniachia mpaka Joubert Park.

Ya Mado alitupokea mikono kiunoni. Nilimweleza yote mlangoni. "Sasa huyu mama atalala wapi?" aliuliza. "Juu ya kichwa yangu?" Halafu akamtazama Mama Moeata, akaona kovu, akaona begi moja, akavuta kigoda. "Ikala, mama. Kula kwanza." Ikawa hivyo. Tulilala naye nyuma ya pazia langu la njano miezi iliyobaki, na alijifunza Kiswahili cha jikoni, asante na leta chumvi na funga mlango. Alitupikia samaki wa kopo kwa ndimu na nazi, akiomba radhi kwa kila samaki. Alizoea kukaa saluni akisuka nywele. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, wateja walimpenda, na Ya Mado aliwaambia wote kwamba huyu ni dada yake wa baharini.

Alasiri moja redio ilitangaza bomu jingine. Ya Mado aliizima. Akasema kwa Kifaransa, ili Mama Moeata aelewe, "Unajua huyu Rejina anatoka wapi? Likasi. Hapo jirani ndipo Wabeleji walipochimba lile jiwe la urani. Bomu la kwanza la Wamarekani, la Japani, lilitoka kwetu. Wachimbaji walilibeba kwa mikono mitupu." Nilijua hadithi hiyo kama kila mtoto wa Likasi anavyoijua, lakini sikuwahi kufikiri jiwe lile lilikwenda kufanya nini. Baadaye nilisoma kwamba Wafaransa walipata lao kwingine, Gabon na Nijeri na Madagaska. Kwa mtu aliyelibeba hakuna tofauti. Mama Moeata aliichukua mikono yangu akaigeuza viganja juu, akaitazama muda mrefu. "Kwenu walichukua," alisema, "kwetu wakaja kulitupa." Hakukuwa na uchungu kwangu katika sauti yake. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo.

Bwana Sithole alimpigia Bwana Perrin simu mara moja tu, na tiketi ya Mama Moeata ya kurudi kwao ikapatikana. Najua maisha yake ya baadaye kwa simu alizonipigia. Alirudi kisiwani, akazunguka na wanawake wengine wakiwahimiza watu waseme. Wafaransa, baada ya miaka mingi ya kukana, walitunga sheria ya kuwalipa waliougua, akaomba, wakamjibu kwamba sumu iliyompata ilikuwa ndogo mno kuhesabiwa. Alinisimulia hilo akicheka. Alipougua tena, wakampandisha ndege kumpeleka kwao wao, na huko ndiko alikofia, kwenye mji ambao Sabine alikuwa akinywa kahawa. Jina lake haliko kwenye ukuta wowote.

Siku yake ya kuondoka Johannesburg, mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mimi na Ya Mado tulimsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa nimemshonea gauni, gauni langu la kwanza kumshonea mtu, la kitenge cha buluu, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Alilivaa hivyo hivyo. Kwenye kaunta kulikuwa na mama Mwafrika wa umri wake, nywele fupi, sare mpya. Aliifungua pasipoti.

"Wewe ni Mfaransa, mama?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nilitaka kutafsiri, lakini Mama Moeata alikuwa ameelewa. Miezi ya saluni ilikuwa imempa Kiingereza kidogo. "Waliandika wao," alisema. "Si mimi."

Mama wa kaunta aliinua macho. Alimtazama yeye, akatutazama sisi, kisha akageuka kuona kama msimamizi wake, Mzungu, yuko karibu. "Mimi waliniandika Bophuthatswana," alisema taratibu. "Nchi waliyoitunga makaburu ili nisiwe na haki hapa. Nami nimezaliwa Soweto." Akafunga kibandiko kwenye begi, akalisukuma. "Unataka kukaa dirishani au kwenye njia?"

"Dirishani," alisema Mama Moeata. "Nataka nione kama kisiwa bado kipo."